Mifuko Kumi na Miwili ya Chokaa

Mkuu wa kituo alilisukuma faili juu ya meza mpaka likagusa kiwiko cha Inspekta. Lilikuwa faili jembamba. Mtu ambaye kila mmoja amekwisha kumhukumu kichwani huwa na faili jembamba namna hiyo, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuliongezea karatasi.

Kilichobaki ni sahihi tu. Dereva wa lori la tindikali angefikishwa mbele ya hakimu saa nane mchana, na mwendesha mashtaka alitaka faili liwe mezani kwake mapema. Wakati huo ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi.

Inspekta huyo, pale kituoni, walimwita Kupe. Si jina la kumtukana, ingawa si la kumsifu pia. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, viatu bapa, na akishang'ata jambo haachii hata umchome moto. Alilifungua faili akaanza ukurasa wa kwanza kana kwamba hajawahi kuuona.

Habari yenyewe mji mzima uliijua. Siku tisa zilizopita, Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, lori lililobeba tindikali lilipinduka kwenye kona ya barabara ya bwawa, hatua mia tatu kutoka mahali mji unapovuta maji yake ya kunywa. Barabara hiyo ni marufuku kwa mizigo ya hatari, na kibao kimesimama pale kikubwa kama mlango. Hakufa mtu, lakini mabomba yalifungwa siku nne, na watu waliopanga foleni na ndoo walipata muda wa kutosha wa kumlaani dereva. Kampuni yenye lori ikatoa hati yake ya njia, ile karatasi ambayo kila lori la mzigo wa hatari hupewa kabla ya kuondoka, imeandikwa kona kwa kona lipite wapi, saa ngapi, lisimame wapi. Hati ilisema lori lipite barabara ya mzunguko, chini ya daraja la reli, mbali kabisa na bwawa. Dereva alisema yeye aliandikiwa barabara ya bwawa. Lakini nakala yake ililiwa na tindikali.

"Alikatisha njia," Mkuu alisema. "Na sababu tunaijua. Mama mkwe wake anakaa barabara ya bwawa, na ndani ya lori tumekuta gunia la unga. Unataka nini zaidi?"

Kupe alikuwa ameshika picha moja ya eneo la ajali. Wazimamoto watano walisimama kando ya lori lililolala ubavu, weupe kuanzia viatu hadi magotini, mithili ya watu waliotoka mashine ya kusaga. Akauliza weupe ule ni wa nini. Mkuu akasema ni vumbi, au povu, wazimamoto siku zote wana kitu kimewamwagikia. Kupe akairudisha picha, ila aliiweka juu ya zingine zote, siyo pale alipoitoa.

"Nipe mpaka saa saba, Mkuu."

"Asiyesikia la mkuu…"

"Huvunjika guu. Ndiyo maana navaa viatu bapa."

Chumba cha mahabusu kilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Dereva aliinuka alipomwona, akaomba radhi kwa kutoweza kutoa mkono wa kulia. Ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Wenzake barabarani walimwita Polepole. Miaka kumi na tisa akiendesha malori hajawahi kuandikiwa kosa hata la kuegesha vibaya, na madereva walikuwa na mzaha wao kwamba ukimtuma Polepole maziwa, yatafika mtindi. Sasa mtu huyo ndiye aliyetuhumiwa kukatisha njia. Mwenda pole hajikwai, wahenga walisema, lakini hawakuiona kona ya barabara ya bwawa.

Kupe aliuliza habari ya mkono. Faili lilisema kwa maneno matatu tu, kwamba aliumia katika ajali. Polepole akaeleza kwamba ajalini hakuumia hata kidogo. Ukingo wa barabara ulikuwa laini, ukabomoka, lori likalala taratibu, yeye akatoka kupitia dirishani mzima. Kisha akaona koki ya nyuma inavuja, akarudi kuifunga. Ilikuwa ngumu. Alipomaliza kuifunga mkono ulikuwa hivyo. Hakuna aliyemwuliza, kwa hiyo hakuna aliyeandika. Kupe akaandika.

Akauliza gunia la unga. Polepole alijibu bila kusita kwamba ni la mama mkwe, alilinunua Jumatatu jioni kwa kuwa Jumanne angepita pale. Jumanne zote hupita pale.

"Na leo saa nane utasema nini kwa hakimu?"

"Nitasema ni kweli, nimekosa." Aliangalia sakafu. "Mwendesha mashtaka amesema nikikubali, ataomba nifungwe miaka mitatu. Nikikataa na nikashindwa, ni kumi. Binti yangu ana miaka minane, Inspekta. Nimeshapiga hesabu."

"Ulikatisha njia?"

"Hapana."

"Basi usikubali kitu mpaka uuone uso wangu. Hata wakikuuliza jina lako, lijibu kwa mwendo wako ule ule."

Nje, kwenye benchi, alikaa mke wa Polepole. Alikuwa fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulimning'inia shingoni kama alivyotoka nao kazini. Mapajani alikuwa na shati jeupe la kwendea mahakamani, mkono mmoja ameushona mpana kuliko mwingine ili bandeji ipite. Kupe akakaa kando yake, akamwuliza mama yake anapata unga kwa njia hiyo tangu lini.

Mwanamke yule alihesabu kwa vidole. Zamani alikuwa akimpelekea mwenyewe, kwa basi, na mgongo ukimuuma. Lori lilianza kumsaidia lilipoanza kupita kule, ndiyo, tangu kampuni ilete malori yale mapya, marefu. Miezi mitatu. Mwezi ule ule walipomwondoa kazini mzee aliyekuwa akipanga njia, yule Mzee Kengele.

Kupe aliandika: kila Jumanne, miezi mitatu. Mtu anaweza kukatisha njia mara moja. Akikatisha kila Jumanne kwa miezi mitatu, na kampuni inaandika lori limetoka saa ngapi na kufika saa ngapi, basi hapo hakuna siri tena. Hiyo ni njia yake.

Kupe alimkuta Mzee Kengele nyuma ya nyumba anamwagilia miche ya nyanya. Kupe alimwamkia shikamoo, akamwonyesha kitambulisho, na mzee akaitikia marahaba huku akikitazama kitambulisho muda mrefu kuliko alivyomtazama mwenyewe. Miaka ishirini na sita alipanga njia za mizigo ya hatari, na hakuwahi kupanga hata moja akiwa amekaa. Lori lolote kabla halijaondoka, yeye alitangulia na pikapu yake. Nyuma ya pikapu alifunga mwanzi umesimama wima, umekatwa sawasawa na urefu wa lori, ukiongezwa vidole vinne vya tahadhari, na kileleni akaning'iniza kengele ya ng'ombe. Akipita chini ya daraja, waya au tawi na kengele ikalia, njia hiyo imekufa, atafute nyingine. Aliandika shule na saa zake za kutoka, visima, masoko, na kingo za barabara zilizo laini. Ndipo akaja Meneja wa Njia, kijana wa suti na kompyuta, akauliza kwa nini mafuta yanaunguzwa wakati ramani ipo.

"Kompyuta sina ugomvi nayo," mzee alisema. "Ina macho mazuri. Ila haijawahi kupita chini ya daraja."

Kupe akampa hati ya kampuni. Mzee alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari kwa ncha ya kidole, akafika kwenye namba ya lori, akasimama. Aliuliza kama hilo ni lile lililopinduka, mojawapo ya yale mapya. Kupe akasema ndilo. Mzee akavua miwani, akaenda kufunga bomba la maji.

"Twende nikuonyeshe," alisema. "Mdomo wangu walishaukataa. Kengele watashindwa kuikataa."

Daraja la reli lilikuwa na kibao chake cha bati, rangi imebabuka, namba zinasomeka bado: mita nne na nusu. Malori mapya yana mita nne na sentimita thelathini. Kwa karatasi, juu ya lori inabaki shibiri nzima, na mtu wa ofisini akiona shibiri anaona uwanja. Mzee alimwambia Kupe atazame chini badala ya juu. Tangu kibao kile kitundikwe, barabara imemwagwa lami mara tatu, na kila mara waliimwaga juu ya ile ya zamani. Daraja halikushuka. Barabara ndiyo iliyopanda.

Pikapu ikaenda kwa mwendo wa mtu atembeaye. Mwanzi ukaingia chini ya boriti ya kwanza, na kengele ikalia, kisha ikakwaruza chuma kwa sauti ya kutia meno ganzi. Watu wa kando ya barabara waligeuka. Mmoja akamwita mzee kwa jina lake, akauliza kama amerudishwa kazini.

Kupe hakuridhika. Kupe huwa haridhiki mapema. Akauliza itakuwaje vile vidole vinne vya tahadhari vikitolewa. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akachomoa kipande cha juu cha mwanzi, akairudisha kengele, na mwanzi ukawa sawasawa na lori, bila nyongeza. Wakapita tena. Ikalia tena. Kupe akapiga picha, akapanda juu ya bodi ya pikapu, akakagua boriti zote kwa tochi. Kulikuwa na masizi, viota vya ndege na kutu, lakini mkwaruzo hata mmoja hakuuona. Malori marefu vile, kwa miezi mitatu, yangeacha hapo rangi ya kutosha kupaka nyumba.

Basi hakuna lori jipya lililowahi kupita chini ya daraja lile. Mzee ndiye aliyesema hivyo mapema, kwamba malori haya yazungushwe mlimani, saa sita zaidi njiani, na kwa maneno hayo akaondolewa kazini. Saa sita hizo Meneja hakuzitaka. Palibaki barabara moja tu, ya bwawa.

Lakini Kupe alijua Meneja angejibu nini. Angesema kompyuta ilikosea, dereva akafika darajani, akaona halipitiki, akajiamulia mwenyewe kwenda bwawani badala ya kupiga simu. Na kisheria bado dereva angekuwa na kosa. Kilichotakiwa ni kujua karatasi ya Jumanne ile ilisema nini kabla lori halijaanguka. Mzee alimkumbusha kwamba hati huandikwa nakala tatu: ya dereva, ya ofisi, na ya kituo cha zimamoto ambako mzigo utapita. Kupe akafungua faili kwa uchungu. Siku ya pili baada ya ajali polisi walipiga simu kituo cha zimamoto cha upande wa bwawa, na jibu liliandikwa pale: hawana nakala.

Mzee aliwasha pikapu, akaizima tena.

"Walipofika pale, wazimamoto walimwaga nini?"

"Maji, nadhani. Wazimamoto si watu wa maji?"

"Maji kwenye tindikali?" Mzee alimtazama kama mtu anayetazama mtoto akisogelea jiko. "Ukiimwagia maji inachemka, inakurukia usoni. Tindikali dawa yake ni chokaa, mwanangu. Na gari la zimamoto halitembei na chokaa, maana ikipata unyevu inaganda kama jiwe. Inakaa stoo. Inapakiwa asubuhi, siku ambayo wamepewa taarifa kwamba tindikali inapita kwao. Mimi mwenyewe nilikuwa nikizungusha taarifa hizo."

Kupe alikuwa ameshaitoa picha. Wazimamoto watano, weupe mpaka magotini. Ripoti ilisema walifika dakika tisa baada ya simu, na kutoka kituoni hadi kwenye kona ile ni mwendo wa dakika nane.

"Mzee," alisema, "pikapu hii inaweza kukimbia?"

Inaweza, mzee alisema, ila yeye hataki. Wakafika saa sita kasorobo.

Stoo ya kituo cha zimamoto ilikuwa chini ya mwanamke mmoja mnene wa miaka hamsini na ushei, funguo kiunoni, kalamu nyweleni. Walimwita Bibi Stoo, na wazimamoto waliokuwa hawaogopi ghorofa linalowaka walimwogopa yeye. Kwake haitoki hata sindano bila sahihi. Kupe alimweleza shida yake kwa sentensi mbili. Bibi Stoo alilamba kidole, akafunua kitabu kikubwa cha jalada jekundu, akakigeuza kimtazame mgeni.

Mstari wa pili wa Jumanne ile uliandikwa kwa mwandiko wa shule, herufi zimesimama wima. Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mifuko kumi na miwili ya chokaa, imepakiwa gari la kwanza. Sababu: lori la tindikali, njia ya bwawa, linapita saa mbili na nusu. Pembeni, sahihi ya kiongozi wa zamu.

Kupe alisoma mara mbili, kisha akarudisha kurasa nyuma. Jumanne iliyotangulia ilikuwa na mifuko kumi na miwili, imetoka, imerudi mizima. Iliyoitangulia hiyo, vivyo hivyo. Miezi mitatu ya chokaa ikitoka na kurudi, kila Jumanne, njia ya bwawa.

"Mbona hukusema, dada?"

"Nani aliniuliza?" Bibi Stoo alikunja mikono. "Polisi walipiga simu wakauliza kama tuna hati ya njia. Hatukuwa nayo. Nikasema hatuna. Wakakata simu hata asante hawakusema."

"Na hati ilikwenda wapi?"

Hapo Bibi Stoo alionyesha mstari wa tatu. Siku ile ile saa tano, vijana wakiwa bado bwawani, alikuja Meneja wa Njia mwenyewe na jasho lake. Akaomba ile hati, akasema ina makosa ya uchapaji, ataleta nyingine. Mwanzoni kabisa Bibi Stoo aliwahi kumwuliza kwa nini tindikali ipite bwawani, akajibiwa kuna kibali maalumu, naye kibali si kazi yake, kazi yake ni chokaa. Akampa hati, kwa masharti yake ya siku zote. Mstari wa tatu ulisema: hati moja ya njia, lori la tindikali, njia ya bwawa, imechukuliwa na Meneja wa kampuni. Na mwisho wa mstari, sahihi yenye mkia mrefu.

"Alisaini hiki?"

"Watu wa ofisini, ukiwapa kitabu na kalamu pamoja, wanasaini. Hakusoma hata neno."

Kupe alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Mzee Kengele aliyekuwa mlangoni akacheka pia bila kuona kilichoandikwa. Kisha akaomba kitabu. Bibi Stoo akafungua ukurasa mpya, akaandika kwamba kitabu kimoja cha stoo kimechukuliwa na polisi, akamwonyesha pa kusaini. Halafu akagundua kwamba ukurasa huo umo ndani ya kitabu hicho hicho kinachoondoka, akakasirika, akaleta daftari jingine.

Saa saba kasoro dakika kumi Kupe aliingia ofisi ya Meneja wa Njia pamoja na konstebo mmoja. Chumba kilikuwa baridi. Ukutani kioo kikubwa cha kompyuta kilionyesha mji mzima, njia halali zikiwaka kijani. Meneja alimkaribisha kwa adabu, akauliza kama bado kuna kitu hakijaeleweka.

Kupe akasema ni mambo madogo ya kukamilisha karatasi. Je, malori yote mapya hupita chini ya daraja la reli? Yote. Kila siku? Kila siku, tangu yalipokuja, miezi mitatu sasa, wala hatujapata malalamiko. Kupe akaomba aliandike hilo kwa mkono wake, mistari miwili tu, na kuweka sahihi. Meneja alichomoa kalamu nzuri, akaandika, akasaini kwa mkia mrefu.

"Swali la mwisho, la kunifundisha tu. Tindikali ikimwagika, wazimamoto wanatumia nini?"

Meneja alicheka kidogo, kwa huruma. "Maji, Inspekta. Maji mengi."

Ndiyo ilikuwa shida yake yote. Alikumbuka karatasi, akaikimbilia na kuichoma, maana karatasi ndiyo kazi aliyoijua. Chokaa hakuikumbuka kwa sababu hakuijua. Mtu alipanga njia za tindikali miezi mitatu bila kuuliza hata siku moja tindikali hufanya nini ikimwagika.

Kupe aliweka mezani picha ya boriti zisizo na mkwaruzo. Akamweleza kengele ililia mara mbili, ya pili bila tahadhari yoyote. Meneja akasema basi kompyuta imekosea, na dereva alipaswa kupiga simu. Alisema upesi, kama jibu lililokaa tayari mdomoni. Kupe akamwachia amalize. Kisha akaweka kitabu chekundu, akakifungua, akaweka kidole kwenye mstari wa pili, akangoja asome. Akakishusha mpaka mstari wa tatu.

Meneja aliitazama sahihi yake. Akatazama karatasi aliyotoka kuisaini sasa hivi. Mikia ya herufi ilifanana kama mapacha.

"Nilidhani ni kitabu cha wageni," alisema.

"Njia ya mwongo ni fupi, Meneja. Yako haikufika hata darajani." Kupe akafunga kitabu. "Simama, twende."

Mahakamani walikuwa wameanza. Karani alikuwa amekwisha kusoma shitaka, na Polepole alisimama kizimbani na shati lake jeupe, mkono mmoja mpana. Hakimu alimwuliza kama ni kweli au si kweli. Polepole alikohoa. Akaomba shitaka lirudiwe, hakulisikia vizuri. Karani akarudia. Polepole akauliza maana ya neno moja, akaelezwa, akauliza la pili. Mwendesha mashtaka alianza kuangalia saa, na mke wa Polepole, mstari wa mbele, alikuwa ameuviringisha utepe wake kwenye vidole mpaka vikawa vyeupe.

Mlango ukafunguliwa. Kupe aliingia na kitabu chekundu kifuani.

"Si kweli, mheshimiwa," Polepole alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia.

Mwendesha mashtaka alisoma kurasa zile akiwa amesimama. Akazisoma tena akiwa amekaa. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Aliomba kuyaondoa mashtaka yote, na akaiarifu mahakama kwamba mtu mwingine yuko njiani kuletwa. Hakimu akauliza, kabla hajamwachia mshtakiwa, mkono ule umepatwa na nini. Kupe akasimama akasoma alichoandika asubuhi kuhusu koki. Wengi mle ndani walikuwa wamebeba ndoo wiki ile, na sasa walielewa kwamba walibeba siku nne badala ya mwezi mzima kwa sababu ya mkono ule.

Mkuu wa kituo alikuwa nyuma kabisa. Kupe akampelekea faili, sasa limenenepa, jina la jaladani limekatwa na kuandikwa jingine. Akaweka sahihi yake mbele ya Mkuu. Alifurahi, wala hakujaribu kuficha. Alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanauma.

Mzee Kengele alikuwa ameingiza pikapu uani kupitia lango la nyuma. Mke wa Polepole alikataa katakata kutokea huko. Alisema mume wake aliingizwa kwa nyuma, na leo atatokea mbele, watu wamwone. Wakapanda, pikapu ikageuka, ikaelekea lango kuu lenye tao la chuma. Mwanzi bado ulikuwa umesimama.

Kengele ikalia.

Mzee akakanyaga breki. Polepole akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha mwili mzima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tisa. Mkewe akamwambia mzee aukunje tu huo mwanzi wapite, nani anajali.

"Miaka ishirini na sita," mzee alisema. "Ikilia, hatupiti."

"Basi tunashuka," alisema mke.

Wakashuka. Polepole akapita chini ya tao kwa miguu yake, mkono mpana wa shati ukipepea, na watu waliojaa langoni wakafungua njia. Gari moja nyuma lilipiga honi, kisha likaona aibu likanyamaza. Kupe alitazama kutoka ngazini na hakuona hata mtu mmoja akimharakisha.

"Mtoto anatoka shule saa tisa na nusu," mke alisema.

Polepole akaangalia saa ya ukuta wa mahakama. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Tutafika," alisema. "Hata kwa mwendo wangu."